Barua ya wazi kwa wenye mihuri: tuachieni tuwaonyeshe watoto uongo wa mwaka 1941

Kwa wakubwa mnaoshika mihuri ya vibali vya sinema katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya.

YAH: KUKATALIWA KUONYESHA FILAMU YA KIJERUMANI YA MWAKA 1941

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa mazoea. Miaka thelathini na mitatu ya ualimu haitoki mwilini kwa kuoga. Kuanzia hapa naomba niongee kama mtu na watu, kwa sababu barua za mtindo wa ofisi nimeshaleta nne, na zote ziko kwenye faili ambalo kila nikiliulizia naambiwa liko kwa bosi, na bosi yuko semina.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia, mkazi wa Kihesa, Iringa. Mwaka juzi mgeni mmoja wa Kijerumani aliyekuja kwa shughuli za usharika aliniachia flashi. Ndani yake mlikuwa na filamu iitwayo Carl Peters, iliyotengenezwa Ujerumani wakati wa Hitler na kuanza kuonyeshwa Machi 1941. Niliitazama mara nne kwenye kompyuta ya mwanangu, mara ya pili nikiwa na mwenzangu anayekijua Kijerumani. Kisha nikaomba kibali cha kuwaonyesha vijana wa kidato cha tatu na cha nne, siku moja Iringa, siku moja Makambako, siku moja Mbeya, kwa kuisimamisha kila baada ya dakika chache ili tuijadili. Bila kiingilio.

Jibu nilipewa kwa mdomo, kwenye korido. Kijana aliyenijibu sina ugomvi naye. Aliniamkia vizuri, akanivutia kiti ambacho hakikuwa chake. Akasema: "Mzee wangu, hii filamu inatukana Waafrika. Na watu wetu hawataielewa. Kwa nini usitafute kitu cha kujenga uzalendo?"

Kwamba inatukana, ni kweli. Niliandika hivyo mwenyewe kwenye mstari wa pili wa ombi langu. Carl Peters tunamfundisha mashuleni: ndiye aliyetua Zanzibar mwaka 1884, akavuka bara na makaratasi yake, akawawekesha machifu wa Useguha, Nguru, Usagara na Ukami alama kwenye mikataba ya lugha wasiyoijua. Tunachokisema haraka haraka, au hatukisemi kabisa kwa sababu kengele imeshalia, ni kwamba alipokuwa Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk, mwishoni mwa 1891, na miezi michache baadaye msichana aliyekuwa amemweka kinyumba, Jagodja. Wenyeji walimpachika jina la Mkono wa Damu. Hata Berlin ya wakoloni ilishindwa kuyameza hayo. Bungeni walilipuka, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi. Ikapita miaka arobaini, akaja Hitler, akamsafisha jina. Filamu ikafuata kumpaka mafuta. Ndani yake Peters ni shujaa anayeonewa na Waingereza na wanasiasa wa kwao, na wanyongwaji wamekuwa sababu ya yeye kuhurumiwa.

Kwa nini mwaka 1941 mtu atumie fedha nyingi hivyo kumsafisha marehemu? Kwa sababu walikuwa wanataka kurudi. Na hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wa nyanda hizi kuliko mnavyofikiri. Miaka ya 1930, baada ya Mwingereza kuichukua Tanganyika, mashamba mengi ya huku, Mufindi hadi Mbozi, yalikuwa bado mikononi mwa walowezi wa Kijerumani, na wengine wao walikuwa na kadi ya chama cha Hitler. Vita ilipoanza Septemba 1939 Mwingereza akawakusanya, na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Filamu ninayoomba kuionyesha ilikuwa inadai mashamba hayo. Mlima anaopita mwanafunzi wa Mafinga akienda shule ulikuwa ndani ya ile hoja. Mnaniambia haimhusu?

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya Peters. Nimeiandika kwa ajili ya mtu anayesimama pembeni yake.

Kwenye filamu kuna mtumishi mwongoza njia aitwaye Ramasan. Mwigizaji wake ni mtoto wa Dar es Salaam. Alizaliwa huko Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita ya kwanza ilipofika, yeye mwenyewe, akiwa na umri wa mwanafunzi wa darasa la tano, alichukuliwa jeshini, na mwaka 1917 akajeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, kusini huko. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao serikali ya Ujerumani haikuwahi kuulipa. Hamkusoma vibaya: alifuata malimbikizo. (Walimu wenzangu waliowahi kufuatilia malimbikizo hadi Dodoma watamwelewa mtu huyu bila maelezo zaidi.)

Fedha hakupata. Akabaki. Akawa mhudumu kwenye jumba la starehe, akaoa Mjerumani, akapata watoto, na akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu Berlin. Wanafunzi wake walikuwemo watu waliokuwa wakijiandaa kurudi kututawala. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akakataliwa. Na sinema zilipohitaji mtu mweusi wa kushika mkuki, kubeba trei au kusema "ndiyo bwana", alikwenda, kwa kuwa ndiyo kazi iliyobaki. Mwaka 1934 aliigiza kwenye Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, inayohusu wapanda farasi wa Kijerumani katika nchi yetu. Mwaka 1941 akaigiza kwenye hii ya Peters. Baadhi ya waliojaza nafasi za "wenyeji" nyuma yake walikuwa wafungwa wa kivita, askari weusi wa jeshi la Ufaransa waliotolewa makambini waje kucheza Waafrika wanaompenda Mjerumani.

Miezi michache baada ya filamu kutoka, Agosti 1941, Husen alikamatwa. Kosa: uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Leo kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyokaa Berlin kuna kijiwe kidogo cha shaba chenye jina lake. Kwao alikozaliwa, ukisimama sokoni Kariakoo ukamtaja, watakuuliza anacheza timu gani.

Muongozaji wa filamu zote mbili, Herbert Selpin, naye hakusalimika. Mwaka 1942, wakati akitengeneza filamu nyingine, alilalamika kwa hasira kuhusu maafisa wa kijeshi waliokuwa wakimsumbua kazini. Rafiki yake aliyekuwa mwandishi wa skripti akamchongea. Goebbels, waziri wa propaganda, akamwita. Selpin hakukana maneno yake. Tarehe 1 Agosti alikutwa amening'inia ndani ya selo.

Basi tazameni, Waheshimiwa. Aliyeigiza, kambini. Aliyeongoza, kitanzini. Filamu yenyewe imebaki inatabasamu. Ndiyo ninayotaka vijana waione, wakijua hayo yote kabla taa hazijazimwa. Kuna sura ya yule mtu mle ndani, waheshimiwa: anageuka, anasema kitu, anatembea. Hatuna kaburi lake la kulitembelea. Sisi wa Iringa tunajua maana ya kusubiri kichwa cha mtu kirudi kutoka Ujerumani. Tulisubiri cha Mkwawa tangu 1898 hadi 1954, na leo mwanafunzi analipa kiingilio Kalenga akione kwenye kabati la kioo. Huyu mwingine karudi kwenye flashi, na mmenikatalia kumtoa.

Sasa nije kwenye yale maneno, "watu wetu hawataielewa". Haya yameniuma kuliko mengine kwa sababu nayajua asili yake. Wakati wa Mwingereza wakaguzi wa sinema Tanganyika waliweza kuipitisha filamu kwa Wazungu na Wahindi, halafu hiyo hiyo wakaizuia kwa Mwafrika. Sababu waliyoitoa ndiyo niliyopewa koridoni, neno kwa neno, ila ya kwao ilikuwa kwa Kiingereza. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi uliokaa Vugiri, kule Usambara, wa kutengeneza filamu za kumfundisha mwenyeji. Zilitoka 35, wakazizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja ilihusu faida za kuweka akiba benki ya posta kuliko kuzika fedha ndani ya nyumba. Nyingine ilihusu safura. Si mbaya zote, safura inaua. Ila msingi wake ulikuwa imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo apewe taratibu, kimoja kimoja, na asipewe cha kumchanganya. Tulipopata uhuru, sheria ya mkoloni ikaja kubadilishwa, ikatungwa yetu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976. Sheria ni yetu. Lile wazo la kwamba watu hawataelewa, nadhani lilisahaulika kwenye droo ya meza, na kila anayerithi meza anarithi na droo.

Na ni ajabu, kwa nchi ambayo waziri mkuu wake wa mwaka 1962 aliwahi kuwa stelingi. Mzee Rashidi Kawawa, kijana wa Songea, Simba wa Vita mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka na sinema za serikali ya kikoloni na akaigiza kwenye Muhogo Mchungu, mshamba anayeingia mjini. Filamu zile zilitengenezwa na Wazungu kwa malengo yao. Watu walizitazama, wakacheka pale walipotaka wao kucheka, kisha miaka si mingi wakapiga kura kuwaondoa Wazungu. Ukiniuliza mimi, walielewa.

Niseme kwa nini jambo hili nimelishikilia hivi, maana mke wangu ananiambia nimezeeka vibaya, wastaafu wenzangu wanafuga kuku wa mayai.

Miaka kadhaa iliyopita shule niliyokuwa nafundisha, ambayo siitaji, ilipata taarifa kwamba inakuja timu ya kupiga dokumentari ya mafanikio. Jumanne alfajiri likaja lori lina viti na meza themanini, mpya, zinanuka vanishi. Tukapanga. Wanafunzi waliokuwa wakikaa watatu kwenye meza moja wakakaa kila mmoja na yake, wakashindwa hata wafanye nini na viwiko. Niliwaambia wasiegemee sana, wasije wakakwaruza. Mpiga picha akaniambia nifundishe chochote. Akaniomba nitazame kona ya dari, niitikie kwa kichwa, nijifanye namsikiliza mwanafunzi anayejibu, kwa sababu mwanafunzi wa kujibu angerekodiwa baadaye. Nikaitazama kona. Kulikuwa na utando wa buibui. Nikasema, "Vizuri sana, kaa chini."

Msichana mmoja wa mbele aliinamia kuokota kalamu, akachelewa kuinuka. Alipoinuka akaninong'oneza: "Mwalimu, huku chini pameandikwa jina la shule nyingine." Kwa rangi nyekundu. Nikamwambia anyamaze, kamera inawaka.

Alhamisi lori likaja likabeba. Dokumentari ilitoka, nimo, naitikia kwa kichwa.

Miaka mingi baadaye nikawa nasoma habari za ule mkutano mkubwa wa chama cha Hitler wa Nuremberg, mwaka 1934, uliopigwa filamu na mwanamama Leni Riefenstahl. Kamera thelathini, lifti imefungwa kwenye mlingoti wa bendera ili mpiga picha apande na kushuka. Albert Speer, msanifu majengo wa Hitler, ameandika kwenye kumbukumbu zake kwamba baadhi ya picha za hotuba ziliharibika, ikabidi wakubwa wazirudie studio Berlin, kwenye jukwaa la kuigiza. Hess, naibu wa Hitler, akaingia, akainua mkono, akageuka mahali ambapo Hitler angekuwa ameketi, akamsalimia kiongozi wake kwa sauti ile ile ya kutetemeka. Pale palikuwa patupu. Speer anasema alishtuka. Riefenstahl alikana habari hiyo.

Mimi nilisoma pale nikaiona kona ya dari yangu.

Sisemi nchi yetu ni Ujerumani ya Hitler. Mwenye akili timamu hasemi hivyo, na wakati zile meza zinabebwa hakuna aliyepelekwa kambini. Nasema kitu kidogo zaidi: ule ufundi ni mmoja. Unaondoa wenye njaa kwenye fremu, unaazima shangwe, unamwambia mtu atazame patupu na kuitikia. Udikteta unaufanya kiwanda kizima na anayekohoa anakufa. Sisi kwetu unafanyika kwa posho ya siku mbili. Mtoto aliyewahi kuuona ukiwa mkubwa, kwenye filamu ya watu wa mbali na wa zamani, atautambua ukiwa mdogo, karibu, na wenye nembo anayoipenda. Huenda hilo ndilo linalowatisha? Nauliza tu.

Kama ni hofu ya watoto kupotoshwa, basi mmeshachelewa, wakubwa zangu. Vijana hao mnaowakinga na Carl Peters wana simu. Wanaamka na video za vita ambazo hazijulikani zilipigwa nchi gani, hotuba za marais zilizotengenezwa na akili mnemba, mchungaji anayefufua mtu aliyekuwa anapumua. Kwenye hizo hakuna mstaafu anayebonyeza kitufe cha kusimamisha na kuuliza: kamera imekaa wapi? Nani hayumo? Kwa nini muziki umeingia hapa?

Wajerumani wenyewe hawakuzichoma filamu hizi. Kuna takriban arobaini za wakati wa Hitler, ikiwemo Jud Süß ya mwaka 1940 iliyotengenezwa kuwachukiza watu dhidi ya Wayahudi, ambazo taasisi inayozitunza, iliyoko Wiesbaden, inaruhusu zionyeshwe kwa masharti: awepo mjuzi wa kuzitolea maelezo kabla, na mjadala baada. Ndicho nilichokiomba. Sikujua kama wanafanya hivyo nilipoandika ombi la kwanza. Niliwaza tu kama mwalimu.

Upande wa mjuzi nina jambo jipya ambalo halikuwemo kwenye barua zile nne. Mbeya, pale Mwanjelwa, nimempata kijana aliyekulia kwenye vibanda umiza. Mnavijua: mabenchi ya mbao, televisheni moja, na DJ anayetafsiri filamu ya Kichina kwa Kiswahili huku akiongeza yake. Kazi yake ni kuongea juu ya sauti ya filamu. Nilimpa flashi akae nayo wiki. Aliponiita nikasikilize nilipanda basi la asubuhi, nikafika jioni, tukakaa kwenye chumba cha dada yake, watu watano, chai ya tangawizi.

Akaanza. "Haya, huyu ndiye stelingi, mnamwona? Kasimama juu, wengine wote chini. Aliyeshika kamera kamlalia miguuni. Stelingi hafi, ndugu zangu, msihangaike naye. Mtazameni huyu wa pembeni. Huyu ni wa Dar." Kisha akanyamaza. DJ aliyelelewa na kelele, akaiacha picha ya Husen ipite kimya, sekunde tano hivi, halafu akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Alikuwa anadai mshahara."

Nimefundisha kwa miaka mingi, sijawahi kufundisha hivyo.

Serikali za mabavu zinakiogopa sana kitu hicho, sauti ya pili. Jirani yetu Idi Amin mwaka 1974 alimruhusu Mswisi mmoja aliyekuwa akitengeneza filamu Ufaransa, Barbet Schroeder, ampige filamu kama anavyotaka yeye Amin. Helikopta, mamba, kordiani, kikao cha mawaziri, yote. Alijiona amependeza. Tatizo likawa kwamba watazamaji wa Ulaya walicheka. Akatuma watu wake London waandike kila kilichomo, kisha akadai vipande vikatwe, na Schroeder alipogoma, Wafaransa waliokuwa Kampala wakakusanywa hotelini wakapewa namba yake ya simu wampigie. Schroeder akavikata vile vipande. Amin alipong'olewa mwaka 1979, na sehemu kubwa ya waliomng'oa ni vijana wetu, vipande vikarudishwa. Filamu ni ile ile iliyompendeza. Kilichobadilika ni kicheko cha waliokaa kwenye viti.

Kuhusu uzalendo niseme mara moja nipite. Barabara ya Morogoro, pale Lugalo, kuna mnara. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja hapo jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akafa. Mwaka huo huo Peters alikuwa Kilimanjaro akifunga kamba. Nitawapitisha vijana mnarani asubuhi na kwenye filamu jioni. Kama huo si uzalendo, nionyesheni wa kwenu.

Ninachoomba sasa ni hiki. Ile barua ya Machi ijibiwe kwa maandishi, ndiyo au hapana, na kama ni hapana basi itajwe na kifungu, ili nijue nikate rufaa wapi. Anayetaka kuja kukagua filamu kwanza aje. Naishi jirani na stendi ya daladala ya Kihesa, nitampa kiti na kahawa, nitamwonyesha yote bila kuruka. Anayetaka kuja kukaa nyuma siku ya maonyesho na kuandika majina pia aje, ila alete daftari lake mwenyewe, yetu yamehesabiwa.

Projekta tumeazima usharikani hadi mwisho wa mwezi. Ukumbi wa Makambako mwenyewe anataka fedha ya jenereta, tumeshachanga nusu. Shuka nyeupe tunalo, mke wangu amelipiga pasi, pamoja na maneno yake yote. Yule msichana aliyeokota kalamu sasa naye ni mwalimu, yuko Mbeya, na darasa lake ndilo la kwanza kwenye orodha: wanafunzi arobaini na saba, na ameandika pembeni kwamba viti watakuja navyo wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa.